Ligi za Marekani na Wachezaji Wanaowapiga Wenzi Wao: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ligi haina mamlaka ya kumwadhibu mchezaji kabla mahakama haijamtia hatiani.

Ukweli: Adhabu ya ligi hutokana na makubaliano ya kazi, wala si sheria ya jinai. Utaratibu ambao Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) ilikubaliana na chama cha wachezaji Agosti 2015 unamruhusu kamishna, yaani mkuu wa ligi, kumfungia mchezaji hata kama mwendesha mashtaka amelifunga jalada, na haukuweka kiwango cha chini wala cha juu cha adhabu. Wa kwanza kuadhibiwa chini yake, Aroldis Chapman, alifungiwa mechi 30 mwaka 2016 bila kufunguliwa mashtaka yoyote.

Dhana: Ukubwa wa adhabu hufuata uzito wa kitendo.

Ukweli: Laiti ingekuwa hivyo. Februari 2014, ndani ya lifti ya kasino mjini Atlantic City, Ray Rice wa Baltimore Ravens alimpiga mchumba wake, Janay Palmer, hadi akazimia. Video ya kwanza, iliyopigwa nje ya lifti, ilimwonyesha akimburuta mwanamke asiyejitambua, na kwa hilo NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ikamfungia mechi mbili tu. Tarehe 8 Septemba ilitoka video ya ndani, ngumi yenyewe ikaonekana, na siku hiyohiyo klabu ikavunja mkataba wake na ligi ikamfungia kwa muda usiojulikana. Kati ya video hizo mbili Rice hakutenda kosa jipya. Kilichobadilika ni kile ambacho umma ulikuwa umekiona. Jaji mstaafu Barbara Jones, aliyesikiliza rufaa, aliifuta adhabu ya pili mwezi Novemba, baada ya kuridhika kwamba mchezaji hakuidanganya ligi na kwamba alikuwa ameadhibiwa mara mbili kwa jambo lilelile.

Dhana: Tangu sakata hilo, kosa la kwanza katika NFL humgharimu mchezaji mechi sita.

Ukweli: Sita ndicho kiwango alichotangaza kamishna Roger Goodell Agosti 2014, lakini waraka wake uliacha mwanya wa kuongeza au kupunguza. Josh Brown wa New York Giants, aliyekamatwa mwaka 2015, alifungiwa mechi moja. Oktoba 2016 polisi walipoyaweka wazi maandishi yake mwenyewe, ambamo alikiri kumnyanyasa mkewe, klabu ilimwacha, na ligi ikamwongezea sita mwaka 2017, wakati ambapo hakuwa tena na timu.

Dhana: Akishafungiwa, mchezaji amekwisha.

Ukweli: Hutegemea kiwango chake uwanjani. Chapman alitwaa ubingwa na Chicago Cubs mwaka uleule wa adhabu, kisha akasaini mkataba wa dola milioni 86 na Yankees. Rice, ambaye msimu wake wa mwisho ulikuwa hafifu, hakupata timu tena.

Dhana: Adhabu kali peke yake humlinda mwathirika.

Ukweli: Anayefungiwa hukatwa mshahara, na mara nyingi mshahara huo ndio unaomlisha pia aliyepigwa, hivyo kupiga simu polisi huwa ni kuhatarisha riziki ya nyumba nzima. Namna malalamiko yanavyopokelewa nayo ina uzito mkubwa. Juni 2014, Goodell alipomhoji Rice mjini New York, Janay, ambaye tayari alikuwa mkewe, alihojiwa katika kikao hichohicho, mumewe akiwepo.