Nyumba pacha za kihistoria Uingereza: ulinzi hauishii mlangoni

Wengi huamini kwamba nyumba pacha ya zamani (moja kati ya mbili zinazotumia ukuta mmoja wa kati) ikiorodheshwa daraja la II, yaani ikiwekwa kwenye orodha rasmi ya majengo ya kihistoria, kinacholindwa ni sura ya mbele tu. Si hivyo. Sheria ya majengo yaliyoorodheshwa ya mwaka 1990, inayotumika England (Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina zao), hulinda jengo zima, nje na ndani: ngazi, milango, meko, urembo wa lipu darini, na kwa kawaida hata kuta za uani zilizokuwepo kabla ya Julai 1, 1948. Daraja hupima umuhimu wa jengo, wala halipunguzi sehemu zinazolindwa.

Kuvunja ukuta wa ndani ulio sehemu ya umbo la asili bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Tena amri ya kurekebisha haina ukomo wa muda, kwa hiyo mnunuzi anaweza kubebeshwa mzigo wa kurekebisha kosa la mwenye nyumba aliyemtangulia. Kagua vibali kabla ya kulipa.

Ukuta wa kati ni suala jingine. Chini ya sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 (England na Wales), jirani hupewa notisi ya miezi 2 kabla ya kuukata au kuuinua. Ridhaa yake haichukui nafasi ya kibali cha halmashauri.

Kingine kinachoharibu sana ni saruji. Matofali ya zamani yalijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Ukiziba viungo kwa saruji, maji hutoka kupitia tofali lenyewe; baridi ikigandisha, uso wake hubanduka. Na kwa kuwa ukuta ni mmoja, unyevu unaweza kuhamia kwa jirani.