Kima punju hana sumu

Kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, jina lenyewe ndilo lililomponza. Punju kwa wazee wetu ni sumu, na kutoka hapo maneno yakazidi: mti anaoula majani hufa, mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Kima huyu hana sumu. Sumu imo kwenye chakula chake. Majani ya miembe na mikungu yana kemikali kali, naye huyamudu kwa kuwa tumbo lake lina vyumba, kama la ng'ombe, na vijidudu vya kuyachachusha. Ukimkuta anatafuna mkaa, usimdhanie uchawi: mkaa hufyonza zile kemikali. Watafiti waliliandika hilo mwaka 1997.

Kuna wanaosema anatumalizia nazi. Hapa sitaki kumdharau mkulima. Anayeamka akakuta vidaka vimetapakaa chini ya mnazi wake ana haki ya kuumia. Lakini mnazi haulei vidaka vyote mpaka viwe nazi. Vingi huvipukutisha wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanywa kwenye minazi ya jirani na msitu wa Jozani, Unguja, ulikuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi zaidi, mavuno hayakushuka, bali yalikuwa makubwa zaidi. Ni kama kupunguza miche shambani ili iliyobaki ishibe. Na sehemu ya kiingilio cha watalii hurudi kwa vijiji vinavyopakana na msitu, jambo ambalo wengi wetu wa mjini hatulijui.

“Wako tele, hawaishi.” Ndivyo anavyodhani anayewaona wamejaa kando ya barabara ya Jozani. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800, na hao ndio wa dunia nzima, ukiondoa wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hakuna bara wala nchi nyingine wanakoishi porini. Bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Anayedhani mnyama wa kisiwani hawezi kuisha amfikirie chui wa Unguja. Naye aliambiwa ni wa wachawi, ana mwenyewe anayemfuga na kumtuma. Baada ya 1964 aliwindwa kwa kampeni, pamoja na waliotuhumiwa kumfuga, hata akadhaniwa ametoweka. Mwaka 2018 picha ya video ikaonyesha mnyama anayefanana naye, uthibitisho haujapatikana. Inaniuma kwamba watoto wetu wanamjua kwa hadithi za kutishana tu.

Mwisho ni ndizi. Mgeni humpa kima ndizi mbivu akiamini amemtendea wema, na wenyeji tunacheka naye. Sukari ya tunda bivu huvuruga lile tumbo la kuchachusha, ndiyo maana mwenyewe huchagua mabichi. Tena kima aliyezoea mkono wa mtu huizoea na barabara. Magari yaliua wengi pale Jozani mpaka yakawekwa matuta. Vifo vikapungua, lakini havijakoma. Basi dereva, ukiyafika yale matuta, punguza mwendo hata kama hakuna askari. Mama mwenye mtoto kifuani huvuka polepole.