Kabla hujaitafsiri, soma leseni

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Baiolojia alinitumia maandalio yake ya kidato cha pili, kurasa kumi na mbili, akitaka kuyaweka mtandaoni yawafae walimu wenzake. Ni kazi nzuri, nami nataka isomwe nchi nzima. Lakini kwenye mchoro wa moyo, pembeni, namba ya ukurasa wa kitabu alichokipiga picha bado inaonekana. Chini yake ameandika: "Bure kwa wote."

Huwezi kugawa bure kisicho chako. Hakimiliki haisubiri usajili. Kwa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, kazi inalindwa tangu inapotungwa, hata kama mtungaji hakuandika "haki zote zimehifadhiwa". Nikamshauri auchore mwenyewe, asiufuatishe ule wa kitabuni. Moyo wenye vyumba vinne hauna mwenyewe; mchoro wake unaye.

Kilichonisumbua zaidi ni ukurasa wa tisa. Alikuwa ametafsiri makala ya Kiingereza kuhusu mzunguko wa damu, kwa Kiswahili kitamu kweli, na makala yenyewe ina leseni ya Creative Commons (CC), yaani ruhusa ya wazi ambayo mtunzi huitoa kwa umma kwa masharti aliyoyachagua. Akaamini yuko salama. Leseni hizo ziko sita, na mbili kati yake zina herufi ND: unaruhusiwa kuisambaza kazi kama ilivyo, si kuibadilisha na kuisambaza. Kisheria, tafsiri ni badiliko. Sisi tunaotafsiri kila siku ili mwanafunzi aelewe, herufi hizo ndizo za kuzitazama kwanza. Ukizikuta, mwandikie mwenye kazi umwombe ruhusa, huenda akakubali.

NC inazuia matumizi ya kibiashara. SA inataka kazi yako nayo itoke kwa leseni ileile, kwa hiyo maandishi ya Wikipedia, ambayo ni BY-SA (BY ni sharti la kumtaja mtunzi), huwezi kuyaunganisha na kazi ya BY-NC-SA ukatoa andiko moja.

Hadithi nyingi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, zina CC BY, ndiyo maana unazikuta kwa lugha tele. Hapo unadaiwa kumtaja mtunzi, chanzo, leseni, na ulichobadilisha: "Imetafsiriwa kwa Kiswahili, mfano wa pili umeondolewa."

Jambo moja nililisisitiza: leseni hizi ukishazitoa huwezi kuzifuta, na kazi uliyoiandaa ukiwa mwajiriwa, mwajiri anaweza kuwa na haki juu yake. Uliza kwanza, upate jibu kwa maandishi.

Mwalimu bado anasubiri barua ya mkuu wa shule. Mchoro ameshauchora, kwa penseli, na vali zote nne zipo.