Maana ya "danjo kyodo sankaku", na kwa nini si sawa na usawa wa kijinsia

Tangu Seiko Hashimoto achaguliwe kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani mwezi Juni 2025, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na zaidi baada ya Sanae Takaichi kuwa waziri mkuu Oktoba ya mwaka huohuo, nimesoma mara nyingi mno kwa Kiswahili kwamba Japani "imefikia usawa wa kijinsia". Wengine huongeza ushahidi kwamba Hashimoto aliwahi kuwa "Waziri wa Usawa wa Kijinsia", kwa hiyo nchi ilikuwa na wizara kamili ya jambo hilo. Kosa linaanzia kwenye cheo hicho.

Dhamana aliyopewa Septemba 2019, pamoja na ile ya maandalizi ya Olimpiki, kwa Kijapani huitwa danjo kyodo sankaku. Danjo ni wanaume na wanawake. Kyodo ni kwa pamoja. Sankaku ni kushiriki katika kupanga na kuamua. Ukiziunganisha unapata hali ya wanaume na wanawake kupanga na kuamua mambo ya jamii pamoja. Maana yake ni hiyo tu, na neno usawa halimo.

Si kwamba Wajapani hawana neno la usawa. Wanalo, tena la kale: byodo. Liliingia kupitia maandiko ya Kibudha, na hekalu maarufu la Byodoin lililoko Uji, karibu na Kyoto, limebeba neno hilo katika jina lake. Jengo kuu la hekalu hilo limechorwa kwenye sarafu ya yeni 10, kwa hiyo ni picha ambayo kila Mjapani ameishika mkononi. Katiba iliyoanza kutumika 1947 inasema katika kifungu cha 14 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na kwamba hakuna kubaguliwa kwa sababu ya jinsia. Vyama vya wanawake vimedai danjo byodo, yaani usawa wa wanaume na wanawake, kwa miongo mingi. Kwa nini basi serikali ilipotunga sheria yake mama ya mwaka 1999 kuhusu jambo hili ikaliacha neno hilo nje ya jina?

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo waandishi wetu wanapopita mbio.

Mpango wa serikali wa mwaka 1987 kuhusu maendeleo ya wanawake ulitumia maneno kyodo sanka, bila "ku" mwishoni. Ulipofanyiwa marekebisho mwaka 1991, sanka ikageuzwa kuwa sankaku. Kwa sikio la mgeni tofauti ni silabi moja, lakini kwa maandishi ya Kijapani ni herufi nzima iliyobadilishwa. Sanka huandikwa kwa herufi ya kuongeza: unaongezwa kwenye kundi ambalo tayari lipo na tayari lina mambo yake. Sankaku huandikwa kwa herufi ya mchoro, ileile iliyomo katika neno la Kijapani la "mpango". Anayefanya sanka anahudhuria mkutano. Anayefanya sankaku aliandika ajenda pamoja na wenzake. Waliofanya mabadiliko ya 1991 walikusudia hasa hilo: kuwajaza wanawake ukumbini hakutoshi kama maamuzi yanaendelea kutoka kwa watu walewale.

Ilikuwa hatua nzuri, na nasema hivyo bila kusita. Ilikuja wakati dunia nzima ilikuwa inasukuma upande huo. Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania, yule tuliyemzoea kama Mama Beijing, uliyaweka madaraka na maamuzi kati ya maeneo yake ya kipaumbele. Miaka minne baadaye, Juni 1999, bunge la Japani likapitisha Sheria ya Msingi ya jamii ya kyodo sankaku.

Lakini sheria hiyohiyo ilipotafsiriwa kwa Kiingereza na serikali yenyewe, ikapewa jina la sheria ya jamii yenye usawa wa kijinsia. Yaani mgeni husoma "usawa" na mwenyeji husoma "kupanga pamoja". Byodo limetajwa katika utangulizi, ila halikupanda hadi kwenye jina, kwa sababu wanasiasa wahafidhina walihofia kwamba neno hilo lingefungua mlango wa kudai usawa wa matokeo, si wa fursa peke yake. Na kweli, kifungu cha 2 kinazungumzia kuhakikisha fursa ya kushiriki. Jiji la Tokyo lilipotunga kanuni yake mwaka 2000 lilirudisha byodo kwenye jina: danjo byodo sankaku. Mtu asiniambie ni mchezo wa maneno. Watu waliokaa kwenye kamati za kutunga sheria na kanuni hizo walipigania kila herufi kwa sababu walijua ahadi ipi inabanwa na ipi inaachwa wazi.

Sasa rudi kwa Hashimoto, maana maisha yake yanaionyesha tofauti hii vizuri kuliko kamusi. Alizaliwa Hokkaido tarehe 5 Oktoba 1964, siku tano kabla ya Olimpiki ya Tokyo kufunguliwa, na jina lake lilitokana na mwenge wa michezo hiyo. Alishiriki Olimpiki saba: nne za majira ya baridi katika mbio za kuteleza kwenye barafu na tatu za majira ya joto katika baiskeli. Medali yake ya shaba ya mita 1,500 kule Albertville mwaka 1992 ilikuwa ya kwanza kwa mwanamke wa Japani katika michezo ya majira ya baridi. Mwaka 1995 akaingia bunge la juu kwa tiketi ya chama tawala cha LDP, na mwaka uliofuata, akiwa mbunge, akashindana tena Atlanta. Alipojifungua mwaka 2000 ilibidi kanuni za bunge hilo zibadilishwe ili kujifungua kutambuliwe kuwa sababu halali ya kukosa kikao. Fikiria maana yake. Wanawake waliingia bungeni mara ya kwanza 1946, wakachaguliwa 39 kwa mpigo, na zaidi ya miaka 50 baadaye kanuni zilikuwa bado zimeandikwa kana kwamba mbunge hazai. Ndiyo sanka hiyo: umeongezwa ndani ya nyumba ambayo wengine waliipangia vyumba.

Februari 2021 tofauti hiyo ilitoka hadharani. Yoshiro Mori, waziri mkuu wa zamani aliyeongoza kamati ya maandalizi ya Tokyo 2020, alisema mbele ya wajumbe wa Kamati ya Olimpiki ya Japani kwamba vikao vyenye wanawake wengi huchukua muda mrefu. Kisha akawasifu wanawake wa kamati yake kwa kujua mipaka yao. Neno alilotumia, wakimaeru, ndilo lililowakera wanawake wengi, na wakaanza kujitangaza kuwa wao ni wanawake wasiojua mipaka. Angalia vizuri: wanawake walikuwemo kwenye bodi ya kamati yake ya maandalizi, saba kati ya wajumbe 34. Sanka ilikuwepo. Kilichosifiwa ni ukimya wao.

Mori alijiuzulu, na tarehe 18 Februari Hashimoto akaacha uwaziri kushika nafasi yake. Machi akaingiza wanawake 12 kwa mara moja, wakawa 19 kati ya 45, asilimia 42. Tendo hilo ni sankaku halisi, na linastahili kuandikwa kwa jina lake. Wapo waliolibeza kwa kuwa Mori alikuwa mlezi wake wa kisiasa. Mimi naona hesabu ya bodi ilibadilika, na hiyo si kitu kidogo.

Ila byodo ni suala jingine. Kifungu cha 750 cha sheria ya kiraia kinawalazimisha wanandoa kuwa na jina moja la ukoo. Hakisemi la nani, lakini karibu wanandoa 95 kati ya 100 huchukua la mume. Hashimoto mwenyewe kisheria ni Ishizaki, na hilo tunalomjua nalo ni la kazini. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikiona kifungu hicho kuwa halali 2015, kisha tena 2021. Takaichi, waziri mkuu mwanamke, anapinga kukibadilisha. Lengo la wanawake kushika asilimia 30 ya nafasi za uongozi ifikapo 2020, lililowekwa 2003, halikufikiwa, na Desemba 2020, Hashimoto akiwa waziri, likasogezwa hadi "mapema iwezekanavyo" ndani ya muongo huo. Katika uchaguzi wa bunge la chini wa Oktoba 2024 walishinda wanawake 73 kati ya wabunge 465, na hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko zote zilizotangulia.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika na kutafsiri habari hizi, naomba tusahihishane kwa upole. Hashimoto alikuwa waziri wa ushiriki wa pamoja wa wanaume na wanawake katika maamuzi. Kama jina hilo ni refu kwa kichwa cha habari, "ushiriki katika maamuzi" linatosha. Takaichi ni mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Japani. Hilo ni kweli na halihitaji kuongezewa kitu. Neno usawa litumieni mnapoeleza kifungu cha 750 na wale wanaoendelea kukipinga mahakamani, kwa kuwa wao wanatumia byodo, na wanalimaanisha.