Misuli midogo ya mtoto ni nini, na inakuzwaje nyumbani?

Mtoto wa mdogo wangu ana miezi tisa. Juzi, nyumbani kwao Sakina hapa Arusha, alikuwa amekaa mkekani akikitolea macho kijipande cha ugali kilichodondoka. Akakikwangua kwa vidole vyote mithili ya reki, kikamponyoka. Akatulia. Akarudisha mkono, safari hii kidole gumba na cha shahada vikakutana na kijipande kikainuka. Alikitazama kwanza, ndipo akakitia mdomoni.

Kitendo hicho ndicho wahudumu wa afya na walimu wa chekechea wanachokizungumzia wakitaja stadi za misuli midogo: uwezo wa vidole, kiganja na kifundo cha mkono kufanya kazi kwa usahihi vikiongozwa na macho. Misuli mikubwa ndiyo ya kukaa, kutambaa na kutembea. Midogo ndiyo itakayokuja kumega tonge, kufunga kifungo, kusuka nywele na kushika penseli.

Lakini mkono hauanzii kwenye vidole. Bega likiwa legelege, vidole havina pa kuegemea. Kwa hiyo mchezo wa kwanza kabisa hauhitaji kitu mkononi: tandika kanga chini, mlaze mtoto kifudifudi akiwa macho, nawe ukilala mbele yake mkitazamana. Kwa mtoto mchanga dakika moja mbili zinatosha, hata juu ya kifua chako. Akisinzia, mlaze chali.

Mtoto mchanga ukimgusa kiganja hukukamata kidole kwa nguvu. Tunafurahi tukidhani ametaka mwenyewe, kumbe ni mwitikio wa kuzaliwa nao, ambao hufifia kati ya mwezi wa nne na wa sita hivi ili mkono uanze kutii nia yake. Kwenye miezi mitatu hadi mitano ananyoosha mkono kukifuata kitu. Kwenye sita au saba anakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule. Gumba na shahada hukutana kati ya miezi tisa na kumi na miwili. Aliyezaliwa njiti hesabu yake huanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Kuna jambo la huku kwetu linaloniuma. Juni na Julai baridi ya Arusha ikikaza, watoto wengi hushinda na soksi za mikononi kutwa nzima. Mkono uliofunikwa haugusi kitu, na usipogusa haujifunzi. Mvike kofia na sweta, umfunike mwili vizuri, lakini akiwa macho ndani ya nyumba mwachie vidole wazi.

Vifaa viko jikoni. Mwiko na kikombe cha plastiki vya kugonganisha. Karatasi safi ya kukunjakunja na kuchana, ukimwangalia asiitafune. Kitambaa cha kitenge kilichosokomezwa ndani ya kopo, akivute kidogo kidogo hadi kitoke chote. Aliyefikisha miezi sita na kuanza kula, mpe kipande kirefu cha ndizi iliyoiva au parachichi akishike mwenyewe, akiwa amekaa wima. Parachichi linateleza, na katika kulidhibiti anajifunza kiasi cha nguvu: akikaza mno linapondeka, akilegeza linaanguka. Atachafuka, nguo zitafuliwa.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni wa sufuria, kwa sababu watu husahau kwamba kuachia ni kugumu kuliko kushika. Mtoto wa miezi minane huweza kung'ang'ania kijiko huku akitaka kingine, asijue namna ya kukiacha. Weka sufuria mbele yake, mpe kijiko, kisha tega kiganja chako juu ya sufuria umwambie, "Nipe." Mwanzoni atakinyoosha na kukirudisha. Siku moja vidole vitafunguka, kijiko kitalia ndani ya sufuria, na yeye mwenyewe atashtuka. Akianza kutupa vitu chini makusudi ili uviokote, usimgombeze. Anarudia somo hilohilo. Kama mchana anabaki na dada wa kazi, mwonyeshe na yeye, maana saa nyingi za mtoto ziko mikononi mwake.

Karanga, punje za mahindi, maharage, sarafu na vifungo visiwe karibu naye. Chochote kinachopita kwenye kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Betri ndogo za duara ni hatari zaidi: ikimezwa huunguza koo ndani ya saa mbili, hivyo ni kukimbilia hospitali bila kusubiri dalili.

Ukimpeleka kliniki mwezi wa tisa kwa chanjo ya surua na rubela, usiishie kwenye mzani. Mweleze muuguzi mikono inafanya nini. Mwambie kama mtoto bado anafunga ngumi muda wote, au kama anatumia mkono mmoja tu na mwingine umelala. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto hutumia mikono yote miwili. Mmoja ukiachwa mapema hivyo, usiseme ni wa shoto tu, omba aangaliwe.