"Wenyeji wetu uko mbinguni" ni kusema nini?

Wiki jana, kwenye kikao cha mtaa huku Nyalenda, Kisumu, tulikuwa tunapanga kuzibua mtaro kabla ya mvua. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, akasimama akasema tusijisumbue mno: "Wenyeji wetu wako mbinguni, hapa tunapita tu." Watu wakaitikia amina, kikao kikaisha bila siku kupangwa. Mstari huo nimeusikia ukitumika hivyo matangani, kwenye harambee, hata na mtu anayekwepa deni, na kila mara unaniuma.

Maana yake ni fupi. Mkristo anaishi duniani, lakini kwao ni kwa Mungu: jina lake limeandikwa huko na tumaini lake liko huko.

Kinachoharibiwa ni neno lenyewe. Wafilipi 3:20, katika Biblia ya Union Version, inasema "wenyeji wetu uko mbinguni". Uko, si wako. Wengi hudhani ni kosa la chapa, wakalirekebisha wanaposoma. Si kosa. Wenyeji hapa si watu, ni hali ya kuwa mwenyeji, kama wema ulivyo hali ya kuwa mwema. Leo tungeandika uenyeji. Na mwenyeji ni mwenye mji. Ukisoma "wako", mstari unapinduka: mbinguni kunakuwa na wenyeji wa kutupokea, nasi tunakuwa wageni hukohuko ambako Paulo anasema ni kwetu.

Kwa Kigiriki aliandika politeuma, neno la ukoo mmoja na polis, yaani mji, na waliomsikia walilijua vizuri. Filipi uko Makedonia, lakini baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo askari wastaafu wa Kirumi walipewa ardhi pale, mji ukawa koloni la Roma. Askari hao walikuwa raia wa Roma wakiwa Makedonia. Walilima, walijenga, waliendesha mji kwa sheria za Roma. Uraia wa mbali ndio uliowapa kazi ya kufanya pale walipo.

Petro naye anatuita "wapitaji na wasafiri" (1 Petro 2:11), na hapo ndipo "tunapita tu" hupata pa kushikilia. Lakini neno lake la kwanza, paroikos, ni mgeni aliyehamia akakaa kando ya wenye mji. Ana makazi na majirani. Si abiria anayengoja kushuka stendi. Kutoka neno hilo ikaja paroikia, ambayo sisi tunaiita parokia. Kwa asili yake, parokia ni makao ya wageni, na tazameni shule na zahanati ambazo parokia zimejenga huku kwetu.

Sisi watu wa upande huu tunalijua jambo hili kwa maisha yetu. Mtu wa Siaya aliyekaa Nakuru miaka 30 ana nyumba Nakuru, lakini dala lake, yaani boma la kwao, liko Siaya, na huko ndiko atakakozikwa. Je, kwa hiyo huacha taka zirundikane mlangoni pake Nakuru? Watoto wake wanasoma pale, na jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kubeba viti.

Mzee wangu, sikutaka kukukatiza mbele za watu. Ukiusoma tena mstari huo, tafadhali soma "uko". Wachache wetu tumekubaliana kuanza mtaro Jumamosi saa mbili asubuhi, na koleo lako nitakuja nalo.