Kulea mtoto katika imani: tunayoambiana na yaliyo kweli

Nafundisha shule ya Jumapili katika usharika wetu wa Kilutheri, darasa la watoto wa miaka sita hadi tisa, na mwenyewe nina watoto wawili. Kila baada ya ibada, wazazi wanapokuja kuwachukua watoto wao, nasikia kauli zilezile. Nyingine zimetokana na upendo, nyingine na uchovu, na baadhi nilizisema mimi mwenyewe miaka mingi kabla hazijaniumiza. Nimeona niziandike na kusema ninachokijua.

“Mwalimu, huyu nakuachia wewe na mchungaji”

Hii naisikia kuliko zote. Mzazi hana nia mbaya. Wiki nzima amehangaika na kazi, anaona kanisa lina walimu, basi anadhani imani nayo ina fundi wake kama ilivyo hisabati. Lakini hesabu inakataa. Juma lina saa 168. Mimi nakaa na mtoto saa moja, na ndani ya saa hiyo kuna nyimbo, kuna sadaka, kuna mmoja anataka maji na mwingine kapoteza kiatu.

Tena shule ya Jumapili yenyewe si kongwe kama tunavyofikiri. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester, Uingereza, Robert Raikes alianzisha darasa la Jumapili kwa watoto maskini ambao siku nyingine walikuwa kazini viwandani. Walifundishwa kusoma, na Biblia ilikuwa kitabu chao. Karne nyingi kabla ya hapo imani ilikuwa imekwisha kupita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika nyumbani.

Sisi Walutheri ushahidi tunao kabatini. Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani ambacho vijana wetu wanakikariri kabla ya kipaimara, Martin Luther alikitoa mwaka 1529 baada ya kuzungukia sharika za Saksonia, Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana. Juu ya kila sehemu aliandika kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mchungaji hakuachiwa kazi hiyo peke yake.

Hayo nilikuwa nayajua. Kuyajua hakukunisaidia mpaka jioni moja ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo watoto wetu huongoza ibada. Asubuhi ile mwanangu, akiwa na miaka minane, alisimama mbele ya usharika mzima akasema kwa moyo maneno ya Wakorintho wa Kwanza 13, bila kukosea neno: “Upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu, upendo hautakabari, haujivuni.” Watu walipiga vigelegele. Jioni tulikuwa na kuku kwa heshima ya sikukuu. Mtoto akaomba kama kawaida yetu: bariki chakula hiki, wabariki waliokiandaa, uwape na wasio nacho. Dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa nasi mwaka wa pili, alileta jagi la maji. Kwa kuwa nilikuwa nawaonyesha picha za asubuhi kwenye simu, naye akakaa kidogo kwenye kiti kilichokuwa wazi ili aone. Mwanangu akamgeukia, bila hasira yoyote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake utaratibu: “Dada, wewe si wa hapa. Wewe ni wa jikoni.”

Dada aliinuka haraka, akavuta kanga yake, akarudi kwenye kigoda chake karibu na jiko. Sahani yake ilikuwa imefunikwa pale, shingo ya kuku na ugali.

Sikuwahi kumfundisha mtoto maneno yale. Nilikuwa nimemfundisha kwa viti. Kila siku, kwa miaka miwili, mara mbili kwa siku, alimwona aliyekiandaa chakula akiombewa baraka mezani na kula jikoni. Wakorintho wa Kwanza alikuwa ameisoma kwa wiki tatu. Kesho yake nilimwomba dada radhi mbele ya watoto, na tukaingiza kiti cha plastiki kutoka barazani. Siku tatu za kwanza alikataa, akisema ameshiba. Siku ya nne alikaa.

Kumbukumbu la Torati 6:7 linawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Zamani niliusoma mstari huu kama orodha ya nafasi za kuhubiri. Sasa nauona unataja mahali ambapo mtoto anatuona tulivyo.

“Biblia imesema fimbo”

Imesema, nami sitaipinda. Mithali 13:24 inasema asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, na 23:13 inataja mapigo waziwazi. Anayedai kwamba mistari hiyo haipo hajaifungua.

Dhana potofu ni kudhani kwamba kwa hiyo kila kipigo kina kibali cha mbinguni. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa fimbo katika Mithali 13:24 ni *shebet*, na ndilo hilohilo lililoko katika Zaburi 23:4, ambalo Biblia yetu imelitafsiri gongo: “Gongo lako na fimbo yako vyanifariji.” Ndilo pia linalotumika katika Walawi 27:32, pale mifugo inapopita chini ya fimbo na kuhesabiwa. Fimbo hiyo ilifukuza mnyama mkali, ilielekeza kundi na ilihesabu ili asipotee hata mmoja. Kondoo aliiona akatulia. Jiulize mtoto wako akiiona ya kwako anafanya nini.

Halafu kuna Paulo. Aliwaandikia watu walioishi chini ya sheria ya Kirumi, ambayo ilimpa baba mamlaka juu ya uhai wenyewe wa mwanawe. Kwa baba wa namna hiyo akasema: “Msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa” (Wakolosai 3:21). Kwa masikio ya wakati ule hilo lilikuwa neno zito. Na kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kumdhalilisha, na inasema kumrudi mtoto kusikolingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili hakukubaliki. Anayempiga mwanawe kwa waya wa pasi akitaja Mithali amelikosea Neno na sheria vyote viwili.

Vipigo vingi ninavyovisikia mtaani kwetu havitoki kwenye Mithali. Vinatoka kwenye foleni, kwenye kodi ya nyumba, kwenye maneno ambayo mzazi ameyameza kazini. Nami nimewahi kupiga hivyo, kwa hiyo naijua harufu yake.

Upande wa pili nao una hatari yake. Kuhani Eli hakuhukumiwa kwa kuwa mkali kwa wanawe. Wanawe walijiletea laana, “wala yeye hakuwazuia” (1 Samweli 3:13). Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kiswahili kina neno zuri hapa, kumrudi mtoto, nami nalisikia ndani yake neno kurudisha. Aliyechukua penseli ya mwenzake tunarudi naye mpaka kwa mwenye penseli, anaikabidhi kwa mkono wake, anaomba radhi akimtazama. Hilo linachukua nusu saa na linachosha kuliko viboko viwili. Nyumbani kwangu fimbo tuliiacha, na sijaona watoto wakiharibika kwa sababu hiyo.

“Mtoto wa Kikristo hahoji”

Mtoto wa miaka saba aliniuliza darasani: “Kama Mungu anasikia, mbona tulimwombea bibi na akafa?” Chumba kilinyamaza. Msaidizi wangu alitaka kumwambia asiseme hivyo tena. Nikamwambia mtoto kwamba hata mimi nimeuliza hivyo, na kwamba Yesu, ambaye alikuwa anakwenda kumfufua Lazaro, kwanza alilia machozi. Akaniuliza kama alilia kwa sauti. Tukakaa hapo, hatukwenda mbali zaidi.

Tukiwaonyesha watoto kwamba swali ni dhambi, hawataacha kuuliza. Watalipeleka swali kwingine, kwenye simu au kwa rafiki aliyewazidi miaka miwili. Katika Kutoka 12:26 Mungu anaiweka Pasaka yenyewe juu ya swali la mtoto: watoto watakapouliza maana ya ibada hii, ndipo mtawasimulia. Katekisimo nayo, ukiitazama vizuri, ni kitabu cha swali moja linalorudiwarudiwa, la kuuliza maana. Na Yesu wa miaka kumi na miwili alikutwa hekaluni ameketi kati ya walimu, “akiwasikiliza na kuwauliza maswali.”

“Bado mdogo huyo” na “Hayo ni ya mama yake”

Hizi mbili nazipitia upesi. Waliodhani watoto ni wadogo mno wakawazuia wasimfikie Yesu walikuwa wanafunzi wake wenyewe, na Marko 10:14 inasema Yesu alichukizwa. Mtoto wa miaka mitatu haelewi Utatu, lakini anaelewa kabisa kama sauti inayomwombea kabla ya kulala ni ileile iliyokuwa ikimfokea saa moja kabla.

Kuhusu mama, ni kweli Timotheo alirithi imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na baba yake alikuwa Myunani. Mama anayelea peke yake asiogope. Lakini baba aliyeko nyumbani asijifiche nyuma ya Loisi: Waefeso 6:4 imeandikwa kwa akina baba.

“Nilimlea vizuri, mbona ameacha?”

Kwenye kwaya yetu alikuwapo mama aliyeacha kuimba. Binti yake alikwenda chuo, akaacha kanisa, na akasema hadharani. Wanawake wenzetu walimsogelea na Mithali 22:6, “Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee,” wakimaanisha kwamba kama ameiacha, basi hukumlea. Nisamehewe, lakini huo ni ukatili uliovikwa aya.

Mithali ni kitabu cha hekima. Kinaeleza jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida, hakiandiki mkataba wenye mhuri. Kitabu hichohicho kimejaa wana wapumbavu wanaowahuzunisha wazazi wenye busara. Samweli hakuwa Eli, maandiko hayamlaumu popote kuhusu malezi, na bado wanawe, Yoeli na Abiya, walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Katika Isaya 1:2 Mungu mwenyewe analalamika: “Nimewalisha watoto na kuwalea, nao wameniasi.” Kama kuasi kwa mtoto ni uthibitisho wa malezi mabaya, mstari huo tutaupeleka wapi?

Nilimsimulia mama yule habari za Monika, mama Mwafrika kama sisi, wa mji wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, aliiacha imani ya mama akajiunga na Wamanikeo, wafuasi wa dini ya mtu aitwaye Mani. Monika aliumia hata akakataa kuketi naye meza moja. Kisha akaota ndoto iliyomtuliza, akamrudisha nyumbani, akala naye tena, naye Augustino akiwa bado Mmanikeo vilevile. Askofu mmoja alimshauri amwache kwanza, asibishane naye, amwombee tu. Ilipita miaka karibu tisa mingine kabla Augustino hajaachana nao. Alibatizwa na Askofu Ambrosi huko Milan, wakati wa Pasaka ya mwaka 387, na mama yake alikuwa bado hai.

Mama yule alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: “Mezani alimrudisha kabla hajatubu?”

Nikamwambia, kabla.

Akachukua simu yake kwenye mkoba, akatoka nje chini ya mwembe wa kanisa, akampigia binti yake kumwuliza atakuja kula lini.